Kitabu cha kwanza kwa mkusanyaji wa sarafu za Afrika Mashariki: Krause, Jaeger au cha historia?

Mtunza Senti (Morogoro)

Wakuu, habari za jioni. Nina mkusanyiko mdogo wa sarafu za kwetu, nyingi za enzi za mkoloni: senti kumi zenye tundu, shilingi za simba, heller chache za Mjerumani, na rupia moja ya ile kampuni yao ya Afrika Mashariki, yenye Kaisari aliyevaa kofia ya tai. Mpaka leo najifunzia kwenye simu tu. Sasa nataka kitabu cha karatasi, cha mtumba kikipatikana, maana nikiagiza nje posta na ushuru vinanimaliza.

Nimevichuja vikabaki vitatu. Kuna katalogi ya Krause, ile nene ya dunia nzima. Kuna Jaeger ya Kijerumani. Na kuna kitabu cha Clara Semple kuhusu reale, ile sarafu ya fedha ya Maria Theresa, malkia wa Austria, ambacho jamaa yangu mmoja anakisifia kwamba kinasomeka kama hadithi. Najua si vya aina moja, lakini hela ni ya kimoja. Mngekuwa nyinyi mngeanza na kipi? Sitafuti cha kunipa bei. Nataka niijue sarafu niliyoshika mkononi, na nikikaa nacho barazani nisisinzie.

Tundu1936 (Nairobi)

Boss, anza na Krause. Ukienda kwa muuzaji yeyote, awe London au hapa Tom Mboya Street, mtaelewana kwa namba za KM, yaani Krause na Mishler, waliotoa toleo la kwanza mwaka 1972. Usipozijua hizo namba kila mnada utakuacha nje.

Ila usinunue toleo jipya. Siku hizi wamelikata kwa karne: kitabu cha 1801 hadi 1900 kivyake, cha 1901 hadi 2000 kivyake, cha 2001 kuendelea kivyake. Sasa angalia hesabu ya mtu wa huku. Rupia za Mombasa za 1888 na mapesa ya Sultan Barghash yako karne ya 19. Shilingi za simba ziko karne ya 20. Utanunua matofali mawili ndipo uone pwani moja. Tafuta toleo la miaka ya 80, enzi hizo karne hizo mbili zilikuwa kwenye kitabu kimoja. Bei zake zimekufa, hilo lisikusumbue. Aina, miaka, idadi zilizotengenezwa, uzito na madini havijabadilika.

Na kinakufundisha kutazama. Shika shilingi ya Afrika Mashariki utafute herufi ndogo ya kiwanda. H ni Heaton wa Birmingham, KN ni King's Norton, I ni Bombay, SA ni Pretoria. Ukiona I au SA ujue umefika miaka ya Vita Kuu ya Pili. Hapo hapo kitakwambia shilingi za 1921 hadi 1946 zina fedha robo tu, na kwamba kuanzia 1948 fedha imeondolewa kabisa. Watu wanauziwa shilingi ya 1952 kama "silver" kila siku.

Mfano ninaoupenda mpaka nikajiita jina lake: senti tano na senti kumi za 1936. Edward VIII aliacha ufalme Desemba mwaka huo kabla hajavikwa taji, na sarafu zenye sura yake Waingereza wenyewe hawakuzipata madukani. Za kwetu zina tundu katikati, hazina sura, zina jina tu, kwa hiyo zilitoka zikatumika sokoni kama kawaida. Angalia kopo lako. Si ghali hata kidogo, ila bila katalogi utazipita ukidhani ni za Mfalme George.

Bint Tabora (Hamburg)

Nakubaliana na Tundu kwa sarafu za Mwingereza. Kwa za Mjerumani, Krause inatosha kuanza nayo lakini haitoshi kumaliza.

Ninayo Jaeger hapa mezani. Ni kitabu cha sarafu zote za Wajerumani tangu 1871: dola la Kaisari, Weimar, enzi ya Hitler, Ujerumani mbili na baada yake. Makoloni yamepewa sehemu ndogo, Ostafrika, yaani Afrika Mashariki yao, ikikaa pamoja na Neuguinea na Kiautschou. Kwa hiyo, kaka Mtunza, ukiwa na heller chache na rupia moja, utalipia kurasa mia kadhaa za sarafu za Bavaria na Saksonia ambazo hutazigusa maishani. Hiyo ni hasara, hata kama mimi mwenyewe sikiachi.

Kinachonishika ni Tabora 1916. Meli za Waingereza zilikuwa zimefunga bahari, sarafu za Berlin na Hamburg hazifiki tena, ndipo Wajerumani wakatengeneza zao kwenye karakana ya reli. Heller 20 za Tabora ziligongwa kwa shaba na kwa shaba ya njano, kwa haraka, kwa mihuri iliyochongwa pale pale, na haraka hiyo inaonekana. Chukua lenzi: kwenye moja taji ni kubwa, kwenye nyingine dogo. Kisha shuka kwenye neno HELLER, utazame ncha za zile L mbili: kuna zilizopinda kama ndoano, kuna zilizochongoka. Ukichanganya taji na ncha na madini unapata aina nyingi kutoka mwaka mmoja na karakana moja. Mtu anaweza kukusanya heller 20 za Tabora peke yake na asichoke.

Na ile dhahabu ya rupia 15, ya tembo mwenye mlima nyuma yake, ilitokana na dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Zilitengenezwa zaidi ya 16,000 hivi. Upande wa tai kuna pambo la kulia ambalo kwenye baadhi ya sarafu linaishia chini ya T ya OSTAFRIKA, na kwenye nyingine chini ya A. Feki zake ni nyingi mno. Ukiuziwa na mtu anayekuharakisha, mwache na tembo wake.

Haya yote, kwa haki, yamo hata kwenye Krause. Kwa hiyo kwa swali lako: Jaeger baadaye, siku ukianza kuota Kijerumani.

Kasuku wa Bando (Mwanza)

Mimi niulize tu, kitabu cha nini? Tovuti ya Numista ni bure, picha za rangi pande zote mbili, namba za KM zimo humo humo, unaweka mkusanyiko wako na unaona kipi kimekosekana. Krause ya miaka ya 80 ina picha nyeusi-nyeupe, nyingine kama zimepigwa chapa na viazi. Tena matoleo mapya yamesimama kuchapwa. Sarafu za Kenya za Desemba 2018, zile za twiga, kifaru, simba na tembo zilizokuja baada ya katiba yao ya 2010 kukataza sura ya mtu, utazipata wapi kwenye kitabu cha mtumba?

Okoa hela yako mkuu, nunua lenzi nzuri na mizani ndogo ya gramu.

Tundu1936 (Nairobi)

Mizani ndiyo, kwa hilo hatugombani. Lakini Numista unaingia ukiwa tayari unajua unachotafuta. Kitabu unafungua unatafuta Zanzibar, kidole kinatua Yemen, nusu saa imekwenda na umejifunza kitu. Na mtandao ukikatika kitabu hakikatiki.

Hizo za 2018 ziko mfukoni mwangu sasa hivi, sihitaji katalogi kunionyesha.

Babu wa Shangani (Unguja)

Wanangu, asalaam alaykum. Mmeongea yote ya namba na herufi. Mimi sipingi katalogi, ninayo moja imekatika jalada. Ila ukweli ni kwamba kwa mtu wa Zanzibar kurasa zake bora ni zile za mwanzo ambazo watu huziruka: jedwali la tarakimu za kila hati, na jedwali la kugeuza mwaka wa Hijra. Pesa ya Barghash ina mizani upande mmoja na tarehe ١٢٩٩. Asiyejua kusoma hiyo 1299 haoni kuwa ni mwaka 1882 kwa kukisia. Nimeona vijana hapa Mji Mkongwe wanaiita sarafu ya miaka 700, na mtalii anatoa dola.

Lakini huyu kijana amesema anataka asisinzie. Katalogi haisomwi, hutazamwa. Kitabu cha Semple, A Silver Legend, ndicho cha kusoma. Kinafuata reale moja, yenye tarehe 1780 siku zote, mwaka aliokufa malkia mwenyewe, ikaendelea kugongwa Vienna, na baadaye Roma, London, Paris, Bombay, na tarehe haikuguswa. Kwa nini? Kwa sababu watu wa Bahari ya Shamu, Habasha na Arabuni walikuwa wakihesabu lulu za kishikizo kwenye bega la malkia na kukataa isiyokuwa sawa. Hapo utaelewa kwa nini bibi zetu walikuwa wakiitia kwenye kidani, na kwa nini mfanyabiashara wa meno ya ndovu hapa Unguja alihesabu mali yake kwa reale.

Na hata hicho cha hadithi kitakufaa sokoni. Ukishakisoma hutanunua reale bila kuigeuza ukingo. Kwenye ukingo pana maneno yaliyoinuka, JUSTITIA ET CLEMENTIA, na uzito wake ni gramu 28 na kidogo. Ile feki ya kumiminwa kwenye kalibu ya mchanga ukingo wake ni laini au una mshono. Uipime kwa vidole, macho yatadanganywa.

Mtunza Senti (Morogoro)

Shikamoo Babu. Hapo umenigusa, ninayo reale moja na sijawahi kuutazama ukingo. Nimeutazama sasa hivi. Maneno yapo, alhamdulillahi.

Swali la nyongeza: je, za kale zaidi, za Kilwa? Kuna mtu amenitumia picha ya vishaba vidogo anasema ni vya masultani. Kuna kitabu chake?

Mpemba wa Muscat (Oman)

Kwanza usinunue. Vinavyotoka ardhini ni mali ya kale na vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Anayekuuzia amechimba, au amenunua kwa aliyechimba. Na kikishang'olewa mahali pake hakisemi tena kilizikwa na nini.

Kuvisoma ni jambo jingine, na hapa ndipo starehe kubwa ilipo kuliko vitabu vyote mlivyotaja. Krause haigusi huko, maana vile vitabu vinaanzia karne ya 17. Tafuta Money in Africa, mkusanyo wa makala uliotolewa na British Museum mwaka 2009, halafu tasnifu ya John Perkins ya Chuo Kikuu cha Bristol ya 2013 kuhusu sarafu za pwani ya Waswahili. Ya pili ni ngumu, ni ya msomi kwa wasomi, lakini ndiyo inayokwenda sarafu kwa sarafu.

Kitu kimoja tu nikuonjeshe. Vishaba vile vya Kilwa havina tarehe. Upande mmoja una jina la sultani, kwa mfano Ali bin al-Hasan, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mola, na pande hizo mbili zina vina. Ali bin al-Hasan huku, mawla al-minan kule. Ni shairi la mishororo miwili limegongwa kwenye shaba ndogo kuliko ukucha wa dole gumba. Sisi Wapemba tuna la kuringia pia: Mtambwe Mkuu, mwaka 1984, ilipatikana hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, ndogo ndogo, zenye vina hivyo hivyo, pamoja na dinari chache za dhahabu kutoka nje. Na vishaba vitano vya Kilwa vimewahi kuokotwa Visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, mwaka 1944. Mpaka leo watu wanabishana vilifikaje.

Babu wa Shangani, samahani, reale yako ni nzuri lakini ni mgeni. Hizi ni zetu, tumezigonga wenyewe.

Babu wa Shangani (Unguja)

Mgeni aliyekaa miaka mia na ushei ni mwenyeji, Mpemba wewe. Ila kwa vina umeniweza.

Kasuku wa Bando (Mwanza)

Kwa hiyo mtu kaomba kitabu kimoja, kaondoka na vitano na marufuku moja.

Mtunza Senti (Morogoro)

Hahaha, ndivyo. Nimeamua hivi: Krause ya zamani ya juzuu moja nitaitafuta kwa wauza vitabu vya mtumba Posta nikishuka Dar mwisho wa mwezi. Ikikosekana nitakaa na Numista kama Kasuku alivyosema, na hela iende kwenye kitabu cha reale. Jaeger naiacha. Bint Tabora, naomba jambo moja tu: kwenye minada ya Wajerumani mtandaoni wanaandika ss, vz, st pembeni ya heller. Hizo ni nini?

Bint Tabora (Hamburg)

Ni hali ya sarafu. Kuanzia chini: s imechakaa sana ila inasomeka, ss imetumika lakini mistari mikubwa ipo, vz imetumika kidogo sana, st haijatumika. Kwa heller za shaba zilizokaa pwani, ss safi isiyosuguliwa ichukue bila aibu. Ukiona vz inang'aa kupita kiasi, imepigwa limau au dawa ya meno, rangi yake inakuwa ya waridi. Hiyo mwachie mwingine. Na ukifika mnadani kwa heller 20 za Tabora, nitumie picha ya upande wa taji kabla hujabofya.