Bosi anataka nivae wigi au nirudie dawa, nywele zangu za asili "si za kiofisi". Nifanyeje?

Binti_Mapokezi:
Wadau, habari zenu. Naombeni ushauri wa dhati, jambo hili linaninyima usingizi.

Niko mapokezi, kwenye ofisi inayohudumia wateja kutwa. Nilipoajiriwa nilikuwa natia dawa. Ikafika mahali kila nikitia, ngozi ya kichwa inaungua na nywele za mbele zinakatika, nikaamua kunyoa zote ziote upya. Sasa nina kipilipili changu, kimejaa vizuri. Naziosha, natia mafuta, usiku nafunga mabutu, asubuhi nafumua na kuchana. Ninafika kazini nikiwa nadhifu, hilo nasema bila kusita.

Wiki iliyopita meneja kaniita. Eti kuna mteja kauliza kama siku hizi watu wa mapokezi hawajiandai. Akaniambia nitafute "muonekano wa kiofisi", wigi au dawa, nichague. Nikamuuliza kama ni kanuni ya kazi. Akajibu ni ushauri tu, ila nikumbuke kwamba mimi ndiye sura ya kampuni.

Mwenzangu wa dawati la pili ana nywele za singa. Kuna siku anakuja zimelowa, kazibana kwa kalamu, na hajawahi kuitwa. Simtakii aitwe. Nataka tu kuelewa kwa nini zangu zilizochanwa ndizo zinazoonekana hazijaandaliwa. Kinachoniuma zaidi ni kwamba meneja mwenyewe ni mweusi kama mimi, na ni mama wa mabinti.

Kazi naihitaji. Dawa sirudii. Nifanyeje?

Mtafutaji:
Pole sana dada. Mimi ningevaa wigi. Kodi haingoji, na kazi ikitoka leo hujui nyingine utaipata lini. Vaa ukiwa kazini, ukifika nyumbani vua, ukishapata kwingine ondoka. Sisemi meneja yuko sahihi, nakuombea tu usilale njaa.

Afisa_Mstaafu:
Dada, nimefanya kazi idara ya utumishi hadi nikastaafu, na kesi za mavazi na muonekano zimepita mezani kwangu nyingi. Naomba unisome taratibu.

Usibishane naye tena kwa mdomo. Amekwambia ni "ushauri" kwa sababu ushauri hauachi alama. Kesho mwandikie barua pepe fupi, ya heshima: "Katika mazungumzo yetu ya tarehe fulani ulinielekeza nivae wigi au nitie dawa. Naomba unionyeshe kifungu cha kanuni za kazi kinachohusika, ili nikifuate ipasavyo." Usiongeze neno la uchungu hata moja. Akijibu, una maandishi. Asipojibu, una barua yako yenye tarehe. Nakala peleka pia kwenye anwani yako binafsi, maana siku wakikufungia ya ofisi, kila kitu kinabaki humo.

Kanuni ikiletwa, isome neno kwa neno. Mwajiri ana haki ya kudai usafi na unadhifu, na pale penye mashine au chakula anaweza kudai nywele zifungwe au zifunikwe kwa usalama. Hayo yanamhusu kila mfanyakazi. Kumtaka mtu abadilishe namna nywele zake zinavyoota ni dai jingine kabisa, na hapo ndipo unaposimamia. Muulize: nywele safi, zilizochanwa, zina kosa gani? Mwache ataje yeye.

Ulichosema kuhusu dawati la pili ni kizito kuliko unavyodhani. Kulikuwa na mhudumu wa kiume katika ndege za Ufaransa aliyesuka nywele na kuzifunga kisogoni. Akazuiwa kupanda ndege, ikabidi kwa muda avae wigi ndipo afanye kazi. Alipinga hadi mahakama ya juu, na mwezi Novemba 2022 ikampa haki, kwa sababu shirika hilohilo liliwaruhusu wanawake kusuka vilevile. Hoja iliyombeba ni kwamba wengine waliruhusiwa alichokatazwa yeye. Kwa hiyo andika kwenye daftari lako nani anaruhusiwa nini, bila kumchongea mwenzako.

Nisikudanganye kwamba kila mahakama itakuelewa. Marekani, mwanamke wa Alabama alinyang'anywa kazi aliyokwishaahidiwa kwa kukataa kukata dredi zake, na mwaka 2016 mahakama ya rufaa ikasema mtindo wa nywele unaweza kubadilishwa, kwa hiyo si ubaguzi wa rangi. Hoja ile ilinikera sana. Ngozi ya kichwa inayoungua kwa dawa nayo inabadilishwa? Ndiyo maana California ilitunga sheria mwaka 2019 ikitaja wazi umbile la nywele, kusuka, kusokota na dredi, na majimbo mengi yakafuata. Wewe tafuta sheria ya kazi ya nchi uliyopo, kifungu cha ubaguzi. Nchi nyingi zimeridhia Mkataba Na. 111 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1958, unaokataza ubaguzi wa rangi na jinsia kazini. Kama kuna chama cha wafanyakazi hapo, kaone kiongozi wake kabla ya kikao chochote.

Mama_Wawili:
@Mtafutaji, nakuelewa kaka, lakini wigi likivaliwa kwa amri halivuliwi kirahisi. Ukishalivaa mwezi mzima, siku ukija na nywele zako itaonekana umeamua kuvunja utaratibu. Mdogo wangu, ukipenda wigi livae kwa kupenda.

Na kuhusu dawa, umefanya vizuri kuikataa. Mwezi Oktoba 2022 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilitoa matokeo ya utafiti wa wanawake 33,497. Kwa wasiotumia dawa za kunyoosha, makadirio ya kupata saratani ya mji wa mimba kufikia umri wa miaka 70 yalikuwa asilimia 1.64, na kwa waliozitumia mara kwa mara asilimia 4.05. Haithibitishi kwamba dawa ndiyo chanzo, lakini kwangu ilitosha niache. Mwajiri hawezi kukuchagulia hilo. Kama daktari aliona yale majeraha ya kichwani, omba cheti uambatanishe.

Binti_Mapokezi:
Asanteni sana, wote. Barua pepe nimetuma jana kama alivyoelekeza mzee. Meneja hajajibu, ila leo nimepata ujumbe kwamba kesho kutwa kuna kikao, yeye, mimi na mtu wa utumishi. Cheti cha daktari ninacho. Naogopa, ila nitakwenda na nywele zangu zilivyo.

Afisa_Mstaafu:
Nenda hivyohivyo binti yangu. Omba kwa maandishi ajenda ya kikao na uulize kama unaruhusiwa kuja na mwakilishi. Wakikupa karatasi ya kusaini, sema utaisoma nyumbani, usisaini palepale. Ukitoka tu, kabla hujarudi mezani, andika nani kasema nini, kisha watumie muhtasari huo wote wawili siku hiyohiyo.