Nyinyi mnaochora mwili wa mwanamke kwa staili yenu, huwa mnaangalia nini?

kalamu_nyeusi

Wadau habari zenu, naomba msaada juu nimekwama. Mimi huchora wanawake uchi kwa inki nyeusi, si ile ya kufanana na picha ya kamera, napenda kurefusha shingo, kupanua nyonga, wakati mwingine uso nautoa kabisa. Nimefanya hivyo karibu miaka mitatu hapa Umoja, Nairobi, na niko na boksi mbili za karatasi chini ya kitanda. Wiki iliyopita nikaonyesha mwalimu mmoja ninayemheshimu sana, akazipitia zote polepole bila kusema kitu, alafu akaniuliza, huyu ni mtu ama ni ile manikini ya kuuzia jeans pale barabara ya Tom Mboya? Nilirudi nyumbani kwa matatu nimenyamaza.

Na shida ni ako sawa. Nilizitandaza sakafuni kumi na mbili, zote ni mwanamke mmoja, nyonga ileile, goti limekunjwa vilevile, juu mingi nimetoa kwa simu, Pinterest, nachora vile mtu mwingine ashachora. Siulizi mazoezi ya anatomi, hayo nafanya. Nauliza ile kitu inakufanya uamue huu mgongo nitaurefusha na huu mkono nitauacha. Na kuhusu kuwavalisha nguo, hayo tumeshaongea na mama nyumbani, hapa naomba tuongee mchoro tu.

fundi_karatasi

Pole msee, lakini huyo mwalimu amekusaidia.

Kwangu ni Matisse, yule mchoraji Mfaransa, hasa wale wanawake wanne wa bluu wa 1952. Alikuwa na miaka 82, upasuaji wa 1941 ulikuwa umemwacha bila nguvu ya kusimama muda mrefu mbele ya turubai, kwa hivyo wasaidizi wanapaka karatasi rangi, yeye anakata na makasi. Sasa angalia pale paja linapita juu ya lingine. Hakuna mstari hapo, kuna kanafasi kembamba keupe tu katikati ya vipande viwili vya bluu, na bado jicho lako linasikia uzito wa mguu mzima. Watu huona hiyo ni kazi rahisi, kumbe ule unaoitwa wa nne ndio alianza nao na ulimla wiki mbili za kukata na kupanga na daftari zima la skechi, hao wengine watatu wakatoka haraka juu mkono ulikuwa ushajua. Mimi nikisikia mtu anasema staili ni kupunguza, namwambia upunguze kitu ulichonacho kwanza.

Ukirefusha shingo tayari uko kwa Modigliani, yule mchoraji Mwitaliano wa shingo ndefu, hata kama hukukusudia. Lakini kabla ya wale wanawake uchi aliochora ambao polisi wa Paris waliamuru watolewe kwa maonyesho 1917, alikuwa amekaa miaka akichonga vichwa vya mawe, na alikuwa anaangalia vinyago vya Wabaule wa Kodivaa. Kwa hivyo hiyo shingo unayotoa kwa simu ilitoka Afrika ikazunguka Ulaya kwanza ndio ikakufikia. Mimi ningeanza huku karibu.

udongo_mwekundu

Naunga mkono hiyo ya kuanza karibu. Mimi hufinyanga, kuchora nachora kidogo, lakini hebu taja sehemu za chungu kwa Kiswahili: mdomo, shingo, tumbo, kitako. Hiyo lugha ilishauchora huo mwili kabla yetu.

Tafuta kazi za mfinyanzi Magdalene Odundo, amezaliwa hapa Nairobi 1950, anaishi Uingereza. Hatumii gurudumu, anajenga kwa mkono kwa misokoto ya udongo, mmoja juu ya mwingine, anasugua hadi udongo unang'aa wenyewe, akichoma kwa hewa ya kutosha unatoka rangi ya machungwa, akiurudisha motoni na kuunyima hewa unatoka mweusi. Kuna vyungu vyake ambavyo shingo imeegama kidogo nyuma na tumbo limejaa kwenda mbele, na ukisimama hapo unaona mama mjamzito ameshika mgongo, na hakuna titi, hakuna goti, hakuna uso. Nilichora moja mara ishirini hivi kutoka kwa kitabu na ndipo nikaelewa kwamba mgongo wa mjamzito hupinda nyuma kwa sababu ya tumbo. Kitu kimoja kikiongezeka lazima kingine kilipe. Hao wa kalamu_nyeusi nyonga zimeongezeka na hakuna kilicholipa, ndio maana wanakaa plastiki.

Kitu kingine ni kinyago cha mwili cha Wamakonde, si cha uso, ni kile cha kifua na tumbo la mwanamke mjamzito, kimechongwa kwa mti mwepesi na chale zake na kitovu kimetokeza, na anayekivaa akicheza ni mwanamume. Nawaomba tu msichanganye na zile sanamu za sokoni, nyingi ni mti mwingine umepakwa kiwi ya viatu ufanane na mpingo.

Na msanii Mkenya Wangechi Mutu lazima, alivyokuwa anabandika vipande vya majarida ya fasheni na michoro ya zamani ya vitabu vya udaktari hadi mwanamke anatokea akiwa mzuri na anatisha papo hapo.

dada_wa_stuli

Naomba nichangie kutoka upande ule mwingine, mimi ndiye huwa nachorwa. Nina miaka 41 na watoto watatu, nimefanya hii kazi miaka kadhaa kwa studio za hapa Nairobi.

Mdogo wangu kalamu_nyeusi, ukinisimamisha dakika ishirini, dakika ya tano uzito wote umeshuka mguu wa kulia, nyonga ya kulia imepanda, bega la kulia limeshuka kuifuata, na vidole vya mguu vimeanza kufa ganzi. Ukinichora dakika ya kwanza na ya ishirini ni wanawake wawili. Wachoraji wazuri huanzia hapo kwa nyonga iliyobeba, na wengine huanza na uso, na hao mimi hujua mapema mchoro hautakuja. Na kuna alama ya lastiki kiunoni huchukua kama nusu saa kuisha, kuna mkunjo wa tumbo nikikaa, kuna mahali mkono umekandamiza paja na nyama imeinuka kando. Mchoraji mmoja alifuta mwili wangu wote akabakisha huo mkunjo na kisigino, mistari minne hivi, na nilijijua. Nililia kidogo kusema ukweli.

Changeni pesa watu watano mtafute modeli, mkubaliane malipo kabla, mumpe leso na hita, simu zote zikae kwa begi. Hilo la simu msilifanyie mzaha.

kalamu_nyeusi

Asanteni sana jameni, dada wa stuli nimesoma yako mara tatu. Sikuwa na modeli leo kwa hivyo nikaomba dada yangu asimame na dera lake anaosha vyombo, na kweli nyonga ikapanda, sikuwahi kuiona na tunaishi naye. Nikapaka karatasi ya manila rangi ya bluu nikajaribu kukata bila kuchora kwanza. Mgongo umekuja, naona hata sinki haipo na bado ameinamia sinki. Paja la kushoto ndilo limekataa, nikilisogeza karibu anasimama wima kama askari, nikiliacha mbali anaanguka. Sijabandika bado, vipande viko mezani nimeviwekea sahani juu. fundi_karatasi, hako kanafasi keupe huwa unakaacha kama upana wa nini?

fundi_karatasi

Anza na upana wa njiti ya kiberiti, alafu sogeza juu pekee, huku chini kwa goti vigusane.