Madarasa ya mapishi Dar: mbona kila kona ni keki tu?

MamaWawili wa Tabata
Habari za jioni wakuu. Nina hoja, na naomba tusitukanane. Wiki ya tatu hii natafuta darasa la mapishi la mtu anayepikia wanawe, asiye na mpango wa kuuza. Nimeulizia Tabata, keki. Sinza, keki. Mikocheni wakaniambia wana keki na pizza. Mimi nataka mtu asimame pembeni yangu nikichoma vitumbua aniambie kwa nini vinatoka kama sabuni ya mche. Maelekezo nayajua: mchele unalala kwenye maji, asubuhi unasaga na tui, hamira, iliki, sukari, unaacha uumuke. Nafanya yote hayo. Cha kwanza kinaungua, cha tano kibichi katikati. Darasa hilo nalitolea elfu 30 kwa Jumamosi moja. Nyie mngelipia lipi? Na je, ni sawa mapishi ya nyumbani kufundishwa kwa hela?

Shangazi Tandika
Elfu 30 ya vitumbua! Mwanangu, mama yako alikuwa wapi? Sisi tulikalishwa jikoni tangu tunaota meno. Siku hizi mnamaliza chuo kikuu hata kukuna nazi hamjui, mnanunua tui la boksi. Watu wa bara nawaelewa, wao nazi wameiona ukubwani. Lakini mtu umekulia Dar?

Kapera wa Sinza
Mimi ningelipia ugali. Msicheke. Naishi peke yangu, kwa wiki nakula chipsi mayai mara 5. Ugali wangu una madonge, maharage yangu hayaivi. Nani anafundisha hayo? Hakuna, kwa sababu hayapigiki picha.

Mangi wa Kimara
Shangazi shikamoo. Hilo la "watu wa bara nawaelewa" naomba ufafanuzi. Mimi ni wa Kibosho, nimeoa Mzaramo, na wali wa nazi wa Jumapili kwangu napika mimi. Mke wangu anakula na anaongeza. Nyie wa pwani mkipewa mtori mnauliza huu uji wa nini. Haya, nani hapa anaweza kupika mtori ndizi zisiwe nyeusi?

Baharia wa Feri
Mangi, usaili mfupi kabla hujaingia darasani. Kasimile ni nini? Usigugo.

Mangi wa Kimara
Mke wa Kasimu.

Dereva Bajaji
Nimesimamisha bajaji pembeni nicheke. Abiria ananiangalia.

Shangazi Tandika
Ndiyo yale yale niliyosema. Kasimile ni tui la kwanza, lile zito. Halitangulii sufuriani! Linatangulia jepesi, kitu kiive nalo, kasimile inakuja mwishoni na unakoroga bila kuacha, moto mdogo. Ukiliacha lichemke peke yake linakatika, unabaki na mafuta juu na maji chini. Haya nawapa bure, wala sijaomba elfu 30.

Mwalimu wa Upanga
Kwa heshima zote, tui la boksi siyo dhambi, na blenda ndiyo kabisa. Nakata nazi vipande, namenya lile ganda la kahawia, naweka maji ya uvuguvugu, nasaga, nachuja kwa kitambaa safi. Dakika 10. Mbuzi ya kukunia nazi ilishanimaliza mgongo.

Shangazi Tandika
Blenda inasaga nazi na roho yake. Tui la kijivu.

Mwalimu wa Upanga
La kijivu ni la asiyemenya. Nimeandika "namenya", rudi ukasome.

Baharia wa Feri
Mwalimu anasahihisha daftari mpaka huku.

Mwalimu wa Upanga
Na kwa faida ya mleta mada: VETA wana kozi za upishi, na Chuo cha Taifa cha Utalii kipo hapa hapa Dar. Si kweli kwamba ni keki tu.

Kapera wa Sinza
Mwalimu, kule unatoka umeiva kwa kazi ya hoteli. Mimi nataka maharage.

Dereva Bajaji
Kapera si uoe tu.

Kapera wa Sinza
Nioe au niajiri? Sema vizuri ili nijue naandaa mahari au mshahara.

Binti wa Magomeni
Afadhali umesema. Nyuzi hizi zote ni "mtoto wa kike, mtoto wa kike". Kaka yangu ana miaka 34, akiachwa na mtungi wa gesi uliojaa analala njaa, na hakuna aliyemuuliza mama yake alikuwa wapi. Hata kwenye kitchen party tunapewa sufuria na mafunzo usiku kucha, bwana harusi anapewa nini?

Baharia wa Feri
Anapewa wewe.

Binti wa Magomeni
Ndiyo maana unakula Feri kila siku, baharia.

MamaWawili wa Tabata
Nilikuwa nimenyamaza ila nimeshindwa. Shangazi, umeuliza mama yangu alikuwa wapi. Alifariki nikiwa darasa la tano. Tumelelewa na baba, fundi magari, anarudi saa mbili usiku na grisi mikononi anatusongea ugali na dagaa. Dagaa wake mpaka leo sijaona mfano. Vitumbua alikuwa ananunua kwa jirani. Sasa nikitaka kuvijua kwa hela yangu mwenyewe, kosa liko wapi?

Shangazi Tandika
Pole mwanangu. Mungu amrehemu. Sikujua. Ila ndugu wa mama walikuwepo, wangekuchukua hata likizo moja.

Binti wa Magomeni
Shangazi, ungeishia kwenye pole.

Mzee wa Mkate wa Kumimina
Naona mnagombania nazi tu. Darasa ninalolitaka mimi halijatajwa. Mkate wa kumimina nimeula kwa mama ukiwa na makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Sasa nyumba ya kupanga ghorofani mkaa mwenye nyumba hataki, na serikali nayo inataka mpaka 2030 wote tuwe kwenye gesi. Kwenye gesi ule mkate chini unaungua, juu mweupe. Nani anafundisha kuuhamisha?

Mwalimu wa Upanga
Si 2030, mzee wangu. Mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa 2024 unaishia 2034, na lengo ni asilimia 80 ya Watanzania, siyo wote.

Mzee wa Mkate wa Kumimina
Basi mimi nimo kwenye ile 20.

Mangi wa Kimara
Bado nasubiri jibu la mtori. Pwani nzima kimya.

Baharia wa Feri
Mangi, mtori wanapewa wazazi. Sisi wengine hatujajifungua.

Mangi wa Kimara
Na ndiyo maana hamna nguvu. Ndizi ukishamenya zitie kwenye maji, usiziache zinakodolea hewa. Chemsha na nyama yenye mfupa, ponda, rudishia supu kidogo kidogo. Shangazi, hilo nakupa bure pia. Tumelipana.

Shangazi Tandika
Asante baba. Nimesoma.

Mama K wa Mbagala
Nimeuona uzi nikiwa nimechelewa kidogo, nilikuwa nimelala. Mimi ninachoma vitumbua, saa kumi alfajiri nipo kwenye chuma. Mnaosema mapishi ya nyumbani yafundishwe bure, hebu tulieni. Hiyo nyumbani yenu kwangu ni ofisi. Nimesomesha wawili kwa chuma kile. Nikimfundisha kila mtu mtaani kwa "shikamoo mama", kesho nitamuuzia nani? Na wa keki nao waacheni walipwe, wana kodi za fremu.

Kapera wa Sinza
Lakini mama, yeye kasema hauzi.

Mama K wa Mbagala
Wote huwa hawauzi mwanzoni. Haya, MamaWawili, nakugusia tu. Kwanza hilo tui lako, ukilitia hamira likiwa la moto umeshaiua, hata usubiri mpaka jioni hauumuki. Liwe vuguvugu la kidole. Pili chuma. Nahisi unamimina moto ukiwa mkali muda wote. Chuma kishike moto kwanza, mafuta kidogo kila shimo, ukishamimina punguza, geuza kingo zikikauka. Mengine yako mkononi, hayaandikiki, na hayo ndiyo ya hela.

MamaWawili wa Tabata
Mama K, ndiwe niliyekuwa nakutafuta. Jumamosi unapatikana?

Mama K wa Mbagala
Jumamosi ndiyo siku ya mauzo. Njoo Jumatatu, saa kumi alfajiri, na mchele wako uwe umelala kwenye maji. Elfu 30 ni nyingi, lete 15 na mkaa.

Shangazi Tandika
Jumatatu nami naweza kupita kumsalimia Mama K. Kusalimia tu.

Mangi wa Kimara
Mke wangu kausoma uzi wote huu mpaka hapa. Anasema tui la wali wangu limekatika miaka sita sasa, alikuwa ananyamaza tu.