Wakuu naomba ushauri: nimewanyima bakteria oksijeni lakini jeni haiwaki

Mkesha_Maabara: Habari zenu wakuu. Nina bakteria wa E. coli, nimeunganisha promota (swichi ya jeni) inayowashwa na protini FNR pamoja na jeni ya kuripoti, ile ya kuonyesha kama swichi imewaka. FNR imebeba fungu la chuma 4 na salfa 4, oksijeni ikiligusa linavunjika na protini inaachia DNA, oksijeni ikiisha FNR mbili zinaungana zinashika DNA na kuwasha jeni za kuishi bila hewa. Sasa nimefukuza hewa kwa naitrojeni nikafunga tyubu vizuri, nimerudia mara tatu, kimya! Wiki ijayo nawasilisha, sijalala.

Babu_Kwinoni: Dogo achana na FNR, hamia ArcB, protini nyingine ya kuhisi upungufu wa hewa. Ile haisubiri kuguswa na oksijeni, inasoma hali ya kwinoni (molekuli za kubeba elektroni) kwenye utando wa seli halafu inampa protini mwenzake ArcA fosfeti. Nzuri sana.

MamaPetri: Pole mdogo wangu. Mimi OxyR, protini ya kuhisi peroksaidi, ilinitoa machozi. Sisteini zake mbili (asidi amino), ya 199 na ya 208, zinashikana peroksaidi ikiingia na hapo ndo jeni zinawaka, ila mimi nilikuwa namwaga peroksaidi nyingi mpaka seli zinakufa kabla hazijajibu. Punguza dozi.

Mkesha_Maabara: Asante dada ila mimi situmii peroksaidi.

Swali_Moja: Hiyo jeni unaipimaje? Mbona umeparuka hapo?

Mkesha_Maabara: Kwa mashine ya kawaida tu mkuu, kipimo hakina shida.

Swali_Moja: Jeni ya kuripoti ni ipi? Itaje.

Mkesha_Maabara: GFP, ile protini ya kijani. Haihitaji kupasua seli na plasmidi (kiduara cha DNA) yenye jeni yake ilikuwepo tayari. Halafu nimeshaandika kwenye sura ya matokeo kwamba FNR ya bakteria wetu ina hitilafu, msimamizi ameshasoma, kwa hiyo kubadilisha kipimo saa hizi sioni sababu.

Mnyoofu: Vijana mnaandika jibu kabla ya kuuliza swali. Sayansi haiendi hivyo.

Jicho_Kali: Wadau hii ni chai. Jumatatu huyu huyu aliandika kwenye uzi mwingine kwamba tyubu yake "imewaka kijani balaa". Leo kimya mara tatu? Anatafuta wa kumfanyia asaimenti.

Mkesha_Maabara: Siyo chai ndugu yangu! Ile niliisahau mezani usiku kucha bila kifuniko, asubuhi naiweka kwenye taa ya bluu nakuta inang'aa, nikajua imechafuka nikaimwaga.

Swali_Moja: Umemwaga jibu lako. GFP haing'ai mpaka oksijeni iikamilishe. FNR ilifanya kazi humo ndani, protini ikatengenezwa ikakaa giza, hewa ilipoingia ndo ikakomaa. Weka dawa ya kloramfenikoli kwanza ili isitengenezwe protini mpya, kisha fungua, tikisa lisaa limoja ndo upime, pamoja na bakteria wasio na jeni ya fnr, wa kulinganisha. Au hamia jeni ya kuripoti ya lacZ, kimeng'enya chake hakidai oksijeni.

Jicho_Kali: Daah, samahani mkuu. Inaingia akilini.

Mkesha_Maabara: Na ile sura?

Swali_Moja: Ifute.

Mkesha_Maabara: Msimamizi nitamwambia kesho. Nimeweka dawa, nimefungua tyubu tatu, dakika 50 sasa. Ya wasio na fnr bado giza. Hizi mbili zimeanza kuwa kijani.