Mchezo huu unaweza kuishi na kuleta faida, ila wanaoumiliki wameamua kutukamua sisi tuliobaki

Ndugu wanajukwaa, nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Tangazo la msimu mpya wa mchezo wetu huu wa mtandaoni limetoka, na yenye uzito ndani yake ni mambo matatu tu: bei ya pasi ya msimu, yaani tiketi ya kulipia inayofungua zawadi za msimu kadiri unavyocheza, imepanda, aina mbili mpya za mechi zimeongezwa juu ya zile tatu tulizokuwa nazo, na duka limepata ukurasa mzima wa mavazi yasiyonunulika kwa sarafu za ushindi, ila kwa pesa ya mfukoni. Kuhusu seva, yaani kompyuta za kampuni zinazoendesha mechi, zinazokatika mchezo ukiendelea, programu za udanganyifu na foleni ya kutafuta mechi, ambavyo ndivyo vilivyowafukuza wenzetu, hakuna hata sentensi moja.

Wengi humu wanaulizana kama mchezo utafika mwakani. Mimi nasema unaweza kufika, na unaweza hata kuanza kujilipa, kwa sababu uchezaji wenyewe ni mzuri na hakuna anayeondoka akilalamika kwamba silaha hazina ladha au ramani zinachosha. Kinachouua ni uamuzi wa kutafuta mapato kwa kuwabana wachache waliobaki, badala ya kuhakikisha kwamba mtu akibonyeza kitufe cha kucheza anapata mechi.

Anayebisha na afuatilie yanayompata mchezaji mgeni siku yake ya kwanza. Anabonyeza kitufe, saa ya foleni inaanza kuhesabu kwenda juu, na chini ya saa hiyo picha za mavazi ya dukani zinapishana moja baada ya nyingine, kana kwamba amekuja kununua kabla hajacheza. Dakika zinapita. Mfumo unapanua mipaka ya uwezo kwa kuwa hakuna wa kiwango chake, kisha unamtupa kwenye mechi iliyokwisha kuanza, upande unaoshindwa, pamoja na boti watatu, yaani wachezaji bandia wanaoendeshwa na kompyuta, waliopewa majina ya kibinadamu ambao wanakimbia wakigonga ukuta. Upande wa pili kuna mkongwe wa ngazi ya juu kabisa, ambaye naye amechoka kusubiri. Mgeni anauawa kila anapochomoza, kisha seva inakatika. Akirudi anakuta amezuiwa kutafuta mechi kwa muda, kwa sababu mfumo umemhesabu kuwa ni mtoro aliyewakimbia wenzake. Niambieni ni mtu gani mwenye akili timamu atarudi kesho yake, na ni nani atakayefikiria kununua pasi ya msimu baada ya kuadhibiwa kwa kosa la seva.

Sasa tufanye hesabu ambayo inaonekana hakuna aliyeifanya kabla ya kuongeza hizo aina mbili za mechi. Tuchukue mchezo wenye watu 600 waliomo mtandaoni kwa wakati mmoja. Ukiwagawa katika kanda 4 za seva, kila kanda inabaki na watu 150. Ukiwagawa hao katika aina 5 za mechi, wanabaki 30 kwa kila aina. Ukiwagawa tena kwa ngazi 6 za uwezo, kila kundi linakuwa na watu 5, ilhali mechi moja inahitaji watu 10. Hapo sijawatoa wale ambao tayari wamo ndani ya mechi. Watu walewale 600 ukiwawekea aina 2 tu za mechi na ngazi 3 pana, unapata watu 25 katika kila kundi, yaani mechi mbili kamili na watu watano wa kuanzia ya tatu. Hakuna mchezaji mpya aliyeongezeka wala pesa ya matangazo iliyotumika. Kilichobadilika ni namna ya kuwagawa waliopo. Kwa hiyo mtu anapotangaza aina mbili mpya za mechi katika mchezo uliopungukiwa watu, na kuziita zawadi kwetu, anarefusha foleni kwa mikono yake mwenyewe, na foleni ikirefuka watu wanaondoka, na wakiondoka inarefuka zaidi.

Naomba pia tuelewane kuhusu pesa, kwa sababu kuna wanaotetea ongezeko la bei kwa hoja kwamba kampuni nayo ina gharama. Ni kweli inazo, na kubwa kati ya hizo ni mishahara. Seva za kukodi zinaweza kupunguzwa wachezaji wakipungua, lakini waandishi wa programu, wachoraji, wahudumu wa wateja na wanaopambana na udanganyifu hulipwa hata kama mechi hazijai. Halafu duka la mtandaoni linalouuza mchezo nalo lina mkato wake. Steam, kwa mfano, ambalo ni duka la michezo ya kompyuta, huchukua asilimia 30 ya mauzo mpaka mchezo uingize dola milioni 10, ndipo mkato ushuke hadi asilimia 25, kisha asilimia 20 baada ya kuvuka dola milioni 50, jambo ambalo mimi naliona ni dhuluma, maana mchezo mdogo ndio unaolipa kiwango kikubwa. Basi mchezo wa aina yetu hauhitaji mamilioni ya watu ili ujilipe. Unahitaji kikosi cha watengenezaji kinacholingana na mapato, na wachezaji wanaorudi mwezi baada ya mwezi.

Hapo ndipo wenye mchezo wanapokosea. Katika mchezo wa bure wengi hawalipi chochote, na wakubwa wa biashara huwaona hao kuwa ni mzigo. Lakini vazi la mhusika hununuliwa ili lionekane. Asiyelipa ndiye anayeijaza mechi, ndiye anayeliona vazi hilo, ndiye anayemwalika rafiki yake, na siku moja rafiki huyo ndiye anayelipa. Ukimfukuza asiyelipa, anayelipa anabaki kuwaonyesha boti mavazi yake, na hatakawia kujiuliza alinunua ya nini. Kupandisha bei katika hali hiyo ni kumkamua ng'ombe aliyenyimwa majani, kisha kushangaa kwamba maziwa yanapungua.

Wanaosema kwamba mchezo ukishaanguka hauinuki tena wakumbuke Final Fantasy XIV. Ulitoka Septemba 2010 ukiwa umeoza: menyu nzito, mazingira yaliyonakiliwa pande zote, seva zinazochelewa kuitikia. Kampuni ya Square Enix iliomba radhi hadharani, na Desemba mwaka huohuo ikamweka Naoki Yoshida kuusimamia. Jambo ninalotaka kila mtu alitazame kwa makini ni kwamba, wakati mchezo ukiwa mgonjwa, kampuni iliacha kudai ada ya mwezi, na haikuanza kutoza mpaka Januari 2012. Yaani waliona ni aibu kumtoza mtu kwa kitu kibovu. Yoshida aliwaandikia wachezaji mara kwa mara akieleza nini kinafanyiwa kazi na nini bado, huku kikosi chake kikitengeneza toleo jipya kando ya lile la zamani. Novemba 2012 seva za zamani zilizimwa, na Agosti 2013 mchezo ukarudi kwa jina la A Realm Reborn, ukaja kuwa miongoni mwa nguzo za mapato ya kampuni hiyo. Najua wao walikuwa na akiba ambayo kampuni yetu haina ndoto ya kuifikia. Hata hivyo kusema ukweli, kusitisha tozo kwa kitu kisichofanya kazi na kuweka mtu mmoja anayejibu maswali ni mambo yasiyohitaji akiba kubwa kiasi hicho.

Rainbow Six Siege ni mfano wa karibu zaidi na wetu. Ulitoka Desemba 2015 na matatizo ya seva na ya kutafuta mechi yaliyofanana sana na haya tunayoyalilia. Mwaka 2017 wenye mchezo huo, kampuni ya Ubisoft, waliahirisha maudhui mapya ya msimu mzima ili washughulikie seva, mfumo wa mechi na hitilafu zilizorundikana. Wapo waliokasirika wakati huo. Lakini mchezo ulipona, na mwaka 2025 ulikuwa bado unapokea mabadiliko makubwa. Sisi tunapewa kinyume chake, maudhui juu ya maudhui, na sakafu inabomoka chini.

Kuna kundi jingine humu linalodai kwamba dawa ni kukifanya kila kitu kiwe bure, hata vile vifurushi vya wahusika vinavyouzwa sasa. Wanataja The Lord of the Rings Online, na wana haki ya kuutaja, kwa kuwa ulipoondoa ulazima wa ada mwaka 2010 watengenezaji wake walisema baada ya miezi michache kwamba mapato yamekua mara tatu. Tofauti ni kwamba mchezo ule ulikuwa unafanya kazi. Kizuizi chake kilikuwa bei ya mlangoni. Kizuizi chetu kiko ndani. Ukifungua mlango leo, maelfu wataingia, watakutana na yaleyale niliyoyaeleza kuhusu mgeni, nao watatoka wakiwa wameacha maoni mabaya yatakayobaki pale dukani miaka na miaka. Nafasi ya kuwaita watu mara ya pili haiji kila msimu, kwa hiyo itumike baada ya matengenezo. Vilevile sikubaliani na wanaosema kwamba pesa nyingi zaidi ndizo zingetuokoa. Mchezo wa Concord wa kampuni ya Sony ulitoka tarehe 23 Agosti 2024, ukazimwa tarehe 6 Septemba mwaka huohuo na wanunuzi wakarudishiwa pesa zao, na hakuna anayeweza kusema kwamba kampuni kama Sony ilikosa fedha.

Kinachoniumiza ni kwamba hatua zinazohitajika si siri wala si ghali. Aina za mechi zipunguzwe hadi mbili, na zile nyingine ziwe za zamu, kila wiki moja, ili watu wote waende mahali pamoja. Wachezaji wa konsoli, zile mashine maalumu za kuchezea michezo, na wa kompyuta wakutanishwe katika mechi za kawaida, huku mechi za kushindania ngazi zikibaki tofauti kwa anayetaka. EVE Online, ambao umekuwapo tangu 2003, umeishi muda wote huo ukiwaweka wachezaji wake, ukiondoa wale wa China, katika ulimwengu mmoja, na ndiyo maana hata idadi ya kawaida ya watu huko haionekani kuwa ndogo. Kanda ambazo watu wake ni wachache zitangaziwe saa maalumu za mashindano, ili waliotawanyika usiku kucha wakutane kwa wakati mmoja. Boti waendelee kumsaidia mgeni ajifunze, lakini waandikwe kuwa ni boti, kwa sababu mtu akigundua kwamba amedanganywa kuhusu nani anacheza naye, haamini tena chochote kilichoandikwa kwenye skrini hiyo. Adhabu ya utoro isimguse mtu aliyekatiwa na seva, na hili hata kuomba naona haya, maana kumbukumbu za kukatika zimo kwenye seva zao wenyewe.

Pasi ya msimu iuzwe, sina ugomvi nayo. Ila ishuke bei na isiishe muda, ili anayefanya kazi mchana kutwa aimalize kwa nafasi yake. Mtu aliyenunua pasi isiyomfukuza mbio hununua na inayofuata.

Jambo la mwisho ni hili ambalo msimamizi mmoja ameshalifutia nyuzi mbili za wenzetu. Tunataka kujua nini kitatokea kwa vitu tulivyolipia iwapo kampuni itaamua kufunga. Ubisoft walipozima seva za The Crew mwishoni mwa Machi 2024, watu walionunua mchezo huo walibaki na kitu kisichowaka hata kwa kucheza peke yao, na ndipo ikazaliwa kampeni ya Stop Killing Games, inayodai michezo iliyouzwa iendelee kuchezeka hata kampuni ikiacha kuihudumia, ambayo mwaka 2025 ilivuka saini milioni moja katika Umoja wa Ulaya. Upande mwingine upo mfano wa City of Heroes, uliozimwa Novemba 2012, ukaendelezwa na wapenzi wake kwa miaka kadhaa, na hatimaye Januari 2024 wenye haki, NCSoft, wakalipa kundi moja la wapenzi hao, liitwalo Homecoming, leseni rasmi ya kuuendesha. Kwa hiyo kampuni isituambie kwamba hakuna njia nyingine ila kuzima na kusahau. Kuuliza swali hili si kuutakia mchezo mabaya. Mtu anayejua kwamba alicholipia hakitayeyuka ndiye anayethubutu kulipa.

Ninachodai ni majibu ya maandishi, yenye tarehe, kabla ya msimu kuanza: ni lini seva zitashughulikiwa, aina ngapi za mechi zitaondolewa, na ni nini mpango wa siku ya kufunga ikiwa itafika. Bila majibu hayo sinunui pasi, na nawaomba mlio na nia hiyohiyo msinunue pia. Wakati tukisubiri, kila mmoja aandike hapa chini kanda yake, saa anazocheza na muda anaokaa kwenye foleni, na mwenye picha ya skrini inayoonyesha saa ya foleni aiweke, ili siku watakapojitokeza kutuambia kwamba foleni ni ya sekunde chache wakute takwimu zetu zinawangoja.