Tupeane uzoefu: taa ya pedi za breki inayowaka na kuzimika yenyewe

Mkazi wa Buhongwa
Ndugu zangu, habari za jioni. Nilikuwa natoka Usagara na familia, na tulipopita tuta taa ya njano ikawaka, ile yenye duara na vistari vilivyokatika pembeni. Ikazimika, kisha ikawaka tena nilipokata kona. Gari ni Mercedes ya zamani kidogo. Pedi bado ni mpya, breki zinashika vizuri na hazipigi kelele. Nilipofungua tairi la mbele kushoto niliona sensa, kile kifaa kinachohisi pedi zikilika, imechomoka kwenye kitundu chake mgongoni mwa pedi, inaning'inia kwa waya wake, na ganda la waya limechubuka mahali linapogusa chuma. Naomba waliokutana na hali hii waeleze waliitambuaje na wakafanya nini.

Mama wa Pasiansi
Yangu ilikuwa hivyo hivyo kabisa, na ilipenda kuwaka zaidi nikipita barabara ya vumbi.

Fundi wa Igoma
Kaka wa Buhongwa, umeanza vizuri kwa kuangalia badala ya kununua. Kwanza tutofautishe taa, kwa sababu wateja wengi huzichanganya: ile nyekundu yenye alama ya mshangao inahusu hendibreki iliyobaki juu au mafuta ya breki yaliyopungua, na hiyo usiendeshe nayo hata mpaka Mkuyuni, ya njano yenye vistari ndiyo ya unene wa pedi. Kwenye Mercedes nyingi za zamani, pedi ikishalika vya kutosha kichwa cha sensa hugusa diski, ile sahani ya chuma inayobanwa na pedi, umeme hupata njia ya kwenda kwenye chuma cha bodi ya gari, na taa huwaka. Kwa hiyo angalia inawaka lini. Ikiwaka unapokanyaga breki na kuzimika unapoachia, pedi zimekaribia mwisho. Ikiwaka kwenye matuta au unapozungusha usukani hali breki hujaigusa, kuna waya unacheza, na ganda lililochubuka kama lako linatosha kuiwasha. Pima pedi kwa macho pande zote mbili za diski, ya ndani na ya nje. Zikiwa zimebaki milimita 3 au pungufu, acha habari za sensa na ubadilishe pedi kwanza.

Dereva wa Nyakato
Haya yote ni ya nini? Chomoa soketi, taa inazimika, safari inaendelea. Mimi nimefanya hivyo na gari linatembea mpaka leo.

Mwenye BMW, Nyegezi
Ndugu wa Nyakato, ushauri huo ungenipoteza, kwa sababu kwenye BMW mambo ni kinyume. Umeme huzunguka muda wote ndani ya kichwa cha sensa, na taa huwaka pale mzunguko unapokatika. Ukichomoa soketi, wewe ndiye unayeiwasha. BMW nyingi zina sensa mbili tu kwa gari zima, mbele kushoto na nyuma kulia. Kwa hiyo fundi anayesema matairi yote manne yana waya mbovu, muulize anatoa wapi waya hizo.

Dereva wa Nyakato
Sikuzungumzia BMW. Soma kwanza kichwa cha mada, mkuu.

Mwenye BMW, Nyegezi
Kichwa cha mada hakitaji gari lolote, mkuu. Kisome wewe.

Mwalimu wa Sengerema
Wakati mnagombana kuhusu soketi, naomba niwasimulie ya kwetu. Shemeji yangu alinunua gari ambalo mwenye kwanza alikuwa amechomoa soketi za sensa na kuzifunga kwa gundi ya plastiki nyuma ya kalipa, ile sehemu inayozibana pedi, na sisi hatukulijua hilo. Taa haikuwahi kuwaka, tukajua pedi ni nzima. Enzi hizo daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa bado, tukivuka kwa kivuko, na jioni hiyo tulikuwa tumebeba magunia ya mchele na watoto wakiwa kiti cha nyuma. Tangu Usagara tulisikia chuma kikisaga chuma, shemeji akasema ni mchanga. Tulipoanza kuteremka kuelekea gatini, akakanyaga breki na pedali ikazama mpaka chini. Akapampu, ikazama tena. Mbele yetu alisimama mwanamke mwenye beseni la samaki kichwani, na nyuma yake maji. Shemeji alivuta hendibreki kwa mikono miwili, akaingiza gia namba moja, gari likalalama na kukwama kwenye tuta la kokoto kando ya njia. Yule mama hakugeuka wala beseni halikutikisika. Fundi alipofungua tairi, pedi ilikuwa imebaki bati tupu na pistoni ya kalipa imetoka nje kupita kiasi, mafuta yote yamemwagika ndani ya rimu.

Mama wa Pasiansi
Mungu wangu. Watoto walilia?

Mwalimu wa Sengerema
Mdogo aliuliza kama tumefika.

Kijana wa Kirumba
Siku hizi kuna daraja tangu mwaka 2025, hakuna haja ya kuogopa gati.

Mzee wa Magu
Mwanangu, daraja halishiki breki. Naomba niulize mafundi: mimi nina Toyota, nimeitafuta sensa hiyo hadi uvunguni sijaiona.

Fundi wa Igoma
Shikamoo mzee. Toyota nyingi hazina waya. Kwenye pedi kuna kibati kidogo cha chuma ambacho hugusa diski pedi ikikaribia kwisha na kutoa mlio mwembamba. Ukiusikia, usiongeze sauti ya redio.

Muuza spea, Mabatini
Ndugu wa Buhongwa, kama kichwa cha sensa hakijalika na waya haujakatika, safisha kitundu cha pedi, irudishe mpaka ikae imara, funika sehemu iliyochubuka kwa mpira unaosinyaa kwa joto, kisha ufunge waya kwenye vishikizo vyake mbali na tairi, ukizungusha usukani kushoto na kulia kuona kama haukazi. Kichwa kikiwa kimeshagusa diski, nunua mpya, na uje na namba ya chasisi ili usiondoke na ya gari jingine.

Mkazi wa Buhongwa
Nashukuru. Vishikizo viwili havipo kabisa, nadhani waliobadilisha pedi walivitupa. Kesho asubuhi nitapita Mabatini.

Dereva wa Nyakato
Mwalimu, hizo soketi zilizofungwa gundi, mlizikuta upande mmoja au pande zote? Naomba unijibu, nataka kufungua yangu.