Wauza juisi ya mshubiri "ya kusafisha tumbo": mnawaharisha watu halafu mnaita tiba!

Wakuu, hizi chupa za kijani zimezidi. Kutoa sumu, kukata kitambi, siku 21, glasi asubuhi glasi jioni. Ukiuliza inatengenezwaje unajibiwa: jani la mshubiri linaoshwa, linakatwa vipande, linasagwa kwenye blenda na limao na asali, basi. Jani zima! Na ganda lake!

Jani hilo lina vitu viwili tofauti kabisa. Katikati kuna ute usio na rangi, karibu asilimia 99 ni maji, huo hauna shida kubwa. Lakini chini tu ya ganda kuna utomvu wa njano, na huo ndio shubiri yenyewe, ile ya "chungu kama shubiri". Humo ndimo ilimo aloini. Ikifika utumbo mpana, bakteria huivunja, na kinachopatikana huuchokoza utumbo usukume kwa nguvu na kuacha kunyonya maji. Kwa hiyo mtu akinywa usiku, alfajiri yuko chooni. Anaambiwa "umeona, sumu zinatoka". Sumu gani? Yametoka maji na chumvi, na potasiamu imekwenda nayo. Kilo mbili alizopungua zitarudi akishanywa maji.

Ulaya, shubiri ikitumika kama dawa ya choo kigumu, kipimo ni miligramu 10 hadi 30 za aloini na viini vya jamii yake, mara moja usiku, isizidi wiki moja, na mtoto wa chini ya miaka 12 hapewi. Marekani waliiondoa kwenye dawa za choo zinazouzwa bila cheti mwaka 2002, kwa kuwa watengenezaji hawakuleta ushahidi wa usalama. Nyie mnapima kwa glasi, siku 21!

Anayeumia zaidi ni mgonjwa wa moyo au presha. Anameza Lasix, dawa ya kutoa maji mwilini, ambayo nayo inatoa potasiamu kwenye mkojo, mnamwongezea kuharisha. Potasiamu ikishuka mno, misuli inalegea, mapigo ya moyo yanavurugika. Kama yuko kwenye digoksini, dawa ya moyo, ni hatari zaidi, maana potasiamu ikishuka dawa hiyo hugeuka sumu kwa kipimo kilekile alichozoea. Mjamzito asiguse kabisa, wala anayenyonyesha. Mwenye sukari anayetumia glibenklamaidi, dawa ya kushusha sukari, anaweza kushuka sukari ghafla. Kuna muuzaji yeyote anayeuliza mteja anameza nini?

Na hili la saratani msilipuuze. Panya waliokunywa dondoo ya jani zima isiyochujwa kwa miaka miwili waliota uvimbe kwenye utumbo mpana, na IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, imeiweka dondoo hiyo kundi 2B, yaani huenda ikasababisha saratani kwa binadamu. Ndiyo sababu viwanda makini huichuja kwa mkaa maalumu hadi aloini ibaki chini ya miligramu 10 kwa lita. Blenda yako haichuji kitu.

Anayetaka ute kwa ajili ya ngozi, afanye hivi: kata jani la nje lililokomaa, chini kabisa karibu na shina. Lisimamishe wima, mkato ukiangalia chini, dakika 15 au zaidi mpaka maji ya njano yaache kudondoka. Toa miiba ya pembeni, menya ganda pande zote kwa kukata ndani kidogo, usikwangue. Ute uoshe kwa maji safi mara kadhaa. Ukionja bado uchungu, utomvu umebaki. Na hata hapo ni wa kupaka, sijasema wa kunywa.

EDIT: Mnaosema "bibi zetu walitumia", bibi walipaka kwenye ngozi iliyoungua. Ile ya kupaka shubiri kwenye chuchu ili kumwachisha mtoto ziwa ndiyo iachwe. Mtoto anaimeza, na kuharisha kwa umri ule humkausha maji haraka mno.

EDIT 2: Aliyeuliza kama mshubiri wa porini nao unafaa: hapana, mkuu. Jamii za mishubiri ni mamia na nyingi zinafanana. Mojawapo, Aloe ruspoliana, ina gama-konisini, sumu inayopooza misuli, ile ya kupumulia ikiwemo. Hakuna kumenya wala kuosha kutakakokusaidia hapo.